Umbo la Fremu kama Sehemu ya Matini: Historia ya Uwiano wa Picha na Usafishaji wa Picha Zilizonaswa Runingani

Mhariri wa utenzi anayehamisha beti kutoka hati za Kiarabu hadi hati za Kirumi hulazimika kuamua jambo ambalo msomaji wake kwa kawaida halioni. Katika miswada mingi ya kale ya pwani, ubeti mzima wenye vipande vinne uliandikwa katika mstari mmoja, vipande vikitenganishwa kwa alama ndogo. Chapa nyingi za karne ya 20 ziliuvunja mstari huo na kuupanga ubeti kwa mishororo minne, mmoja chini ya mwingine. Maneno hayakubadilika, lakini jicho lilipewa umbo jingine la kusoma, na yamkini sikio nalo likafuata. Wataalamu wa ushairi wanalijua suala hili na hulitolea maelezo katika dibaji za matoleo yao.

Mtaalamu huyohuyo anapogeukia filamu, tahadhari hiyo hupungua ghafla. Picha iliyonaswa kutoka kwenye kioo cha runinga hubandikwa katika tasnifu, chini yake hutajwa jina la filamu na mwaka, kisha uchambuzi ukaendelea kana kwamba kilichobandikwa ni filamu yenyewe. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba umbo la fremu ni sehemu ya matini ya filamu kama mizani ilivyo sehemu ya shairi; kwamba umbo hilo lina historia yake; na kwamba picha iliyonaswa runingani ni nakala ya mkono wa pili au wa tatu, yenye makosa ya unakili yanayoweza kutambuliwa na, kwa kiasi fulani, kusahihishwa.

Uwiano wa picha ni upana wake ukigawanywa kwa kimo chake. Picha yenye upana wa vipimo 4 na kimo cha vipimo 3 huitwa 4:3, yaani 1.33. Dhana ni nyepesi. Ugumu umo katika ukweli kwamba filamu moja huweza kuwa na uwiano mmoja kamerani, mwingine ukumbini, wa tatu runingani na wa nne katika faili la tarakilishi, ilhali jina lake limebaki lilelile.

Chimbuko la umbo

Umbo la 4:3 halikutokana na falsafa yoyote ya urembo. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, William Kennedy Laurie Dickson, aliyefanya kazi katika maabara ya Thomas Edison huko West Orange, New Jersey, alichukua utepe wa filamu wa Eastman wenye upana wa milimita 70 na kuupasua katikati ili apate tepe mbili za milimita 35. Akatoboa matundu pembeni, manne kwa kila picha. Eneo lililosalia kati ya safu mbili za matundu lilitoa picha ya upana wa takribani inchi moja na kimo cha robo tatu ya inchi. Mwaka 1909 kampuni za filamu za Marekani zilizoungana kulinda hataza zao ziliukubali utepe huo kuwa kipimo rasmi, na ulimwengu ukafuata. Wapo waliojaribu baadaye kulihusisha umbo hili na ule uwiano wa dhahabu wa wanahisabati wa kale. Dai hilo halina mashiko, kwa kuwa uwiano wa dhahabu ni takribani 1.62, na mstatili wa Dickson uko mbali nao.

Sauti ilipoingia, utepe uleule ulilazimika kubeba mstari wa sauti kando ya picha. Picha ikabanwa upande mmoja na kukaribia kuwa mraba, takribani 1.19, kama inavyoonekana katika nakala za sauti za *Sunrise* (1927) ya F. W. Murnau. Mwaka 1932 akademia ya filamu ya Hollywood ilitatua tatizo hilo kwa kupunguza kimo cha picha pia, na ukapatikana uwiano wa 1.37. Tofauti kati ya 1.33 na 1.37 ni ndogo mno kwa mtazamaji wa kawaida. Hata hivyo, filamu bubu inapopitishwa katika mashine iliyotengenezwa kwa filamu za sauti, ukanda wa kushoto wa kila picha, pale mstari wa sauti ungekaa, hufichwa. Nakala nyingi za filamu bubu zilizorushwa runingani zilitoka katika mashine za namna hiyo. Mhakiki anayeona kwamba mwigizaji wa filamu ya miaka ya 1920 amesimama kombo, ameegemea mno upande wa kushoto, na akaijengea hali hiyo hoja ya kisaikolojia, angefanya vyema kuichunguza nakala kabla ya kumchunguza mhusika.

Runinga yenyewe iliazima umbo la sinema. BBC ilianza matangazo yake ya mistari 405 mwaka 1936 kwa uwiano wa 5:4, ikahamia 4:3 mwaka 1950. Marekani ilikuwa tayari imeshachukua 4:3 katika kiwango chake cha mistari 525 cha mwaka 1941. Kenya, ambako matangazo ya runinga yalianza mwaka 1962, ilifuata mfumo wa mistari 625 wenye umbo hilohilo. Kwa muda mfupi, basi, sinema na runinga zilitazama ulimwengu kupitia dirisha la umbo moja.

Sinema kujitanua

Hali hiyo haikudumu. Runinga ilipoanza kuwavuta watazamaji kutoka kumbi za sinema nchini Marekani, studio zilijibu kwa kuwapa watu kile ambacho kisanduku cha sebuleni hakingeweza kukitoa. Mwaka 1952 Cinerama ilitumia projekta tatu kwa mpigo na kioo kilichopinda. Septemba 1953 Twentieth Century-Fox ilizindua *The Robe* kwa mfumo wa CinemaScope, uliotegemea lenzi iliyobuniwa na Mfaransa Henri Chrétien katika miaka ya 1920. Lenzi hiyo iliibana picha kwa upana wakati wa kupiga, mara mbili, na lenzi ya projekta ikaitanua tena wakati wa kuonyesha. Matokeo yalikuwa uwiano wa 2.55, na baadaye 2.35. Mwaka huohuo *Shane*, iliyokuwa imepigwa kwa umbo la zamani, ilionyeshwa kwa 1.66 kwa kukatwa juu na chini projektani, ili nayo ionekane pana. Ukataji huo, uliofanywa baada ya filamu kukamilika, unastahili kukumbukwa na yeyote anayedhani kwamba uwiano wa onyesho la kwanza ndio sikuzote uwiano wa mtunzi.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, kipindi hiki kinasomeka vizuri zaidi kupitia filamu zilizotokana na Shakespeare kuliko kupitia *The Robe*. Akira Kurosawa aliielekea tamthilia ya Shakespeare mara tatu, na kila mara katika fremu tofauti: *Throne of Blood* (1957), iliyotokana na *Macbeth*, ina umbo la 1.37, *The Bad Sleep Well* (1960), yenye mwangwi wa *Hamlet*, ni 2.35, na *Ran* (1985), iliyotokana na *King Lear*, ni 1.85. Tofauti hizi si za kiufundi tu. Katika *Throne of Blood*, Asaji huketi sakafuni bila kutikisika katika chumba kitupu, akimshawishi mumewe kuua. Utupu ulio juu ya kichwa chake na sakafu iliyo mbele ya magoti yake vinafanya kazi sawa na kimya chake. Fremu ndefu kwa kimo ndiyo inayoutoa utupu huo. Mwishoni Washizu anapochomwa mishale na askari wake mwenyewe, mandhari ni ya wima: yeye juu rosheni, wauaji wake chini uwanjani.

Grigori Kozintsev alichagua kinyume. *Hamlet* yake ya 1964, iliyotumia tafsiri ya Boris Pasternak na muziki wa Dmitri Shostakovich, ilipigwa kwa fremu pana na kwa rangi nyeusi na nyeupe. Huko Elsinore ni jiwe, chuma, moto na bahari, vyote vikienea kwa mlalo. Hamlet wa Innokenty Smoktunovsky husemwa nafsini maneno ya kuwa au kutokuwa huku akitembea ufukweni kati ya miamba. Mtu mmoja ndani ya fremu yenye upana wa zaidi ya mara mbili ya kimo chake huonekana mdogo hata akiwa karibu, na ikulu iliyojaa watumishi na majasusi huweza kuonyeshwa ikiwa imemzunguka pasipo kukata picha. Usemi maarufu wa mwana-mfalme kwamba Denmark ni gereza unapewa hapa ushahidi wa macho. Ukuta hauna mwisho upande wowote.

Mkasi wa runinga

Swali lililofuata lilikuwa namna ya kuionyesha filamu ya 2.35 kwenye kioo cha 1.33. Septemba 1961 NBC ya Marekani ilianzisha kipindi chake cha filamu za Jumamosi usiku kwa *How to Marry a Millionaire*, filamu ya CinemaScope ya mwaka 1953. Njia iliyotumika kwa filamu za aina hiyo, na iliyotawala kwa miongo mitatu, ilikuwa kukata na kusogeza. Fundi wa mashine ya kuhamisha filamu alichagua sehemu ya fremu inayotosha kujaza kioo, na pale wahusika wawili walipokuwa kila mmoja kwenye ncha yake, ama aliisogeza sehemu hiyo kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, ama alikata ghafla kati yao.

Hesabu ya hasara ni nyepesi. Filamu ya 2.35 iliyojazwa katika 1.33 hubakiwa na asilimia 57 ya picha yake. Ile ya 2.55 hubakiwa na 52. Lakini kilichoongezwa kina madhara makubwa kuliko kilichopunguzwa. Fundi aliyekata kati ya wahusika wawili ametia mkato ambao mwelekezi hakuutia. Aliyeisogeza fremu ametia mwendo wa kamera usiokuwepo. Mhakiki anayehesabu mikato ili apate wastani wa urefu wa kila picha, mbinu inayotumika sana tangu Barry Salt aipendekeze katika miaka ya 1970, akitumia nakala ya aina hii atapata takwimu za mtindo wa fundi asiyejulikana jina. Na *Hamlet* ya Kozintsev ikipitishwa katika mashine hiyo, ukuta usio na mwisho hupata mwisho, na jasusi aliyesimama pembeni huondoka ukumbini bila kufungua mlango.

Filamu zilizokatwa projektani, kama zile za 1.85, zilipatwa na jambo la kinyume. Kwa kuwa kamera ilikuwa imepiga umbo refu zaidi, runinga mara nyingi iliwaonyesha watazamaji sehemu za juu na za chini ambazo hazikukusudiwa kuonekana. Kipaza sauti kinachoning'inia juu ya kichwa cha mwigizaji katika nakala ya video mara nyingi ni cha asili hiyo, na lawama za uzembe alizorundikiwa mwelekezi ni za kumwonea.

Wapo watunzi waliopinga. Woody Allen alishikilia kwamba *Manhattan* (1979), filamu ya 2.35, isitolewe kwa kanda ya video ila ikiwa nzima, yenye pindo tupu juu na chini. Watazamaji wengi walilalamika wakati huo kwamba pindo hizo zinawaibia sehemu ya kioo, jambo linaloonyesha jinsi mtu anavyoweza kukitetea kioo dhidi ya kile anachokitazama. Sydney Pollack alikwenda mahakamani nchini Denmark baada ya *Three Days of the Condor* (1975) kuonyeshwa runingani huko ikiwa imekatwa. Mwaka 1997 mahakama ilikubali kwamba ukataji wa namna hiyo ulikuwa uharibifu wa kazi na uvunjaji wa haki za kimaadili za mtunzi, ingawa Pollack alishindwa kesi yenyewe kwa kuwa shirika la utangazaji lilikuwa limeinunua nakala ikiwa tayari imekatwa. Kwa wahakiki, hukumu hiyo ina uzito usiolingana na matokeo yake: ilitamka kisheria kwamba umbo la fremu ni mali ya kazi ya sanaa, si ya chombo kinachoibeba.

Umbo la 16:9 lilizaliwa kama suluhu ya wahandisi. Katika miaka ya 1980 Kerns Powers, akifanya kazi ndani ya chama cha wahandisi wa filamu na runinga cha Marekani, alichora mistatili ya uwiano zote zilizotumika, yote ikiwa na eneo sawa, akaipanga kwa kituo kimoja. Mstatili wa 1.77 ndio uliotoshea vyema ndani na nje ya mingine, kwa kuwa hiyo ndiyo wastani wa kijiometri kati ya 1.33 na 2.35. Ni umbo la maridhiano. Takribani hakuna filamu ya kale iliyotungwa kwa umbo hilo, na kwa sababu hiyo kila filamu ya kale huliingia kwa kupunguzwa, kuvutwa au kutiwa pindo.

Ujio wa vioo vya 16:9 uliligeuza tatizo upande wa pili. Wakati wa 4:3 wahanga walikuwa filamu pana. Sasa wahanga ni filamu za kale na vipindi vya runinga vyenyewe. *Throne of Blood* ikijazwa katika 16:9 kwa kukatwa juu na chini hupoteza asilimia 23 ya picha, na sehemu inayopotea ni uleule utupu ulio juu ya Asaji na ileile sakafu iliyo mbele yake. Ikivutwa badala ya kukatwa, kila kitu hupanuka kwa theluthi moja.

Kuvutwa ndilo tatizo linalozikumba zaidi kazi za Afrika Mashariki. Vipindi vya awali vya *Vioja Mahakamani* na *Vitimbi* vilirekodiwa katika enzi ya 4:3. Tangu Kenya ilipozima matangazo ya analojia mwaka 2015, kioo cha 16:9 ndicho cha kawaida, na mpangilio wa kuvuta picha hadi kujaza kioo ni jambo la kubonyeza kitufe kimoja. Katika vichekesho mwili ni lugha. Wembamba wa mmoja na ubonge wa mwingine, urefu wa mshtakiwa kizimbani na ufupi wa askari anayemshika mkono, hutumiwa kama tashbihi zinavyotumiwa katika masimulizi. Mtafiti akinasa picha iliyovutwa na kuandika kwamba unene wa mhusika ni kejeli dhidi ya tabaka lililoshiba, huenda theluthi nzima ya unene huo imetoka kwenye runinga yake. Njia ya kujikinga haihitaji mtambo. Hutafutwa kitu cha duara kinachotazamana na kamera, kwa mfano saa ya ukutani, sahani au gurudumu la gari, kikapimwa kwa rula upana na kimo. Vipimo vikilingana, picha ni salama. Upana ukizidi kimo kwa theluthi, picha ya 4:3 imevutwa hadi 16:9. Upana ukiwa robo tatu tu ya kimo, picha ya 16:9 imebanwa ndani ya 4:3.

Kutoka mstari hadi pikseli

Kosa la hila zaidi hutokea hata pale runinga imewekwa sawasawa, kwa sababu faili la picha iliyonaswa halina umbo la picha iliyoonwa. Mwaka 1982 kamati ya kimataifa ya mawasiliano ya redio ilikubaliana juu ya kiwango kimoja cha kuugeuza mkondo wa runinga kuwa tarakimu. Ili mifumo ya mistari 625 na 525 itumie mitambo ya aina moja, kila mstari ulipewa sampuli 720. Picha ya mfumo wa 625 ina mistari 576 inayoonekana. Ile ya 525, kama inavyohifadhiwa katika diski za DVD, ina 480. Hivyo 720 kwa 576 ni 1.25, na 720 kwa 480 ni 1.5. Hakuna hata moja iliyo 4:3. Pikseli zenyewe si miraba: za mfumo mmoja ni pana kuliko kimo chake, za mwingine ni nyembamba.

Tarakilishi, kwa upande wake, huzichukulia pikseli zote kuwa miraba. Faili la mfumo wa 625 lisilosahihishwa humfanya mhusika awe mwembamba kwa takribani asilimia 6, na la mfumo wa 525 humnenepesha kwa takribani 12. Watafiti wawili, mmoja mwenye diski ya Ulaya na mwingine mwenye diski ya Marekani, wanaweza kuchapisha picha moja ya Smoktunovsky na kuonekana kana kwamba wanazungumzia waigizaji wawili. Sahihisho la kawaida kwa mfumo wa 625 ni kuitanua picha hadi 768 kwa 576 ikiwa kipindi ni cha 4:3, na hadi 1024 kwa 576 ikiwa ni cha 16:9. Wapenda usahihi huenda mbele zaidi. Picha halisi ya 4:3 hukaa ndani ya sampuli takribani 702 tu kati ya zile 720, na zinazosalia ni ukingo. Kwa hiyo upana wote wa 720 hutanuliwa hadi takribani 788 kisha ukingo ukakatwa. Tofauti ni ndogo kuliko ile ya awali, lakini hupimika.

Ukingo wenyewe ni ushahidi. Runinga za zamani za kioo cha bomba ziliificha sehemu ya pembezoni ya picha nyuma ya fremu ya sanduku, na watayarishaji walilijua hilo, wakaweka kila kilicho muhimu ndani zaidi. Picha iliyonaswa huonyesha ukingo wote: mstari mweusi pembeni, nusu-mstari juu kabisa, na kwa kanda za VHS, ukanda wa chengachenga zilizopinda chini kabisa, pale vichwa vya mashine hupokezana. Ukanda huo hauna budi kukatwa kabla ya kuchapisha. Lakini mtafiti anayekata ni sharti aamue kama anakirejesha kile mtazamaji wa wakati huo alichokiona, au kile kamera ilichokirekodi. Ni maswali mawili tofauti.

Kisha kuna suala la wakati. Runinga ya mistari 625 haikutuma picha 25 nzima kila sekunde, bali nusu-picha 50. Moja ilibeba mistari witiri, iliyofuata ikabeba mistari shufwa, na jicho likaziunganisha. Kipindi kilichopigwa kwa kamera ya video studioni kina nyakati 50 tofauti kwa sekunde. Ikinaswa picha moja nzima wakati mhusika anatupa mkono, mkono huo hutokea mara mbili, kingo zake zikiwa na meno kama ya kitana. Programu nyingi huyaondoa meno kwa kutupa nusu-picha moja na kukisia mistari iliyokosekana. Kwa uchapishaji hiyo inatosha, mradi isifanywe baada ya kubadilisha ukubwa wa picha: picha ikishatanuliwa kwa kimo, mistari witiri na shufwa imechanganyika na haitenganishiki tena. Huu ndio mpangilio ambao wengi huukosea. Meno huondolewa awali, ukingo ukakatwa, kisha uwiano ukasahihishwa, na mwanga na rangi vikashughulikiwa baadaye.

Filamu ya sinema iliyorushwa runingani ina tabia nyingine. Katika nchi za mistari 625, filamu ya picha 24 kwa sekunde huendeshwa kwa 25, na kila picha yake hugawanywa katika nusu-picha mbili za wakati mmoja. Meno yakionekana katika nakala hiyo, nusu-picha zimeoanishwa vibaya, na dawa ni kuzioanisha upya. Hakuna haja ya kutupa kitu. Gharama imelipwa kwingine: filamu ya dakika 100 huisha kwa dakika 96, na sauti za waigizaji hupanda kidogo. Katika nchi za mistari 525, nusu-picha hurudiwa kwa mpangilio wa tatu kwa mbili, hivyo katika kila picha tano za video mbili ni mchanganyiko wa picha mbili tofauti za filamu. Mtafiti anayenasa moja kati ya hizo mbili anachapisha kitu ambacho hakikuwahi kuwepo kwenye utepe.

Mwanga una mtego wake. Mkondo wa runinga ya dijitali huuweka weusi katika thamani ya 16 na weupe katika 235, ilhali tarakilishi hutarajia 0 na 255. Isipogeuzwa, picha huwa na ukungu na weusi wake huonekana kijivu. Ikigeuzwa mara mbili, vivuli hufungana na kila kilichokuwamo hupotea. *Hamlet* ya Kozintsev huathirika vibaya kwa namna zote mbili, kwani sehemu kubwa ya maana yake imo katika vivuli vya mawe. Maelezo ya mhakiki kuhusu "ukungu wa kimaadili" wa Elsinore yanapaswa kusubiri hadi thamani hizo zikaguliwe.

Chengachenga za kanda za kale haziondoleki kwa kuongeza ukali wa picha. Ukali huzinoa pamoja na uso wa mwigizaji. Pale kamera na mhusika wametulia, njia bora ni kunasa picha kadhaa zinazofuatana za tukio lilelile na kuchukua wastani wake. Chenga hubadilika toka picha hadi picha, umbo halibadiliki, na wastani huliacha umbo likiwa safi. Njia hii haivumilii mwendo. Hakimu anayefumba na kufumbua macho ndani ya zile picha zinazounganishwa atatoka akiwa na macho nusu, na nusu hiyo haikuchezwa na mtu yeyote.

Kuna mambo ambayo hakuna usafishaji unaoyarejesha. Filamu ya 2.35 iliyotiwa pindo ndani ya 4:3 ina mistari takribani 327 tu ya picha kati ya 576. Ileile ikihifadhiwa kwa umbo lililobanwa la 16:9 ina 436. Kuitanua ya kwanza hadi ilingane na ya pili hakuzai mistari iliyokosekana. Vivyo hivyo, pembe zilizokatwa na fundi wa kusogeza hazimo katika kanda yake. Ndiyo maana maelezo chini ya picha yanapaswa kutaja zaidi ya jina na mwaka: picha imetoka kwenye chombo gani na mfumo upi, uwiano wa filamu ulikuwa upi na wa nakala ni upi, nini kimekatwa, nini kimetanuliwa, na kama nusu-picha imetupwa. Nakala ghafi, isiyoguswa, huhifadhiwa kando bila kubanwa kwa namna inayopoteza chembe za picha. Kanda za VHS zilizorekodiwa majumbani kutoka runingani zinaendelea kuoza, na kwa baadhi ya vipindi vya awali huenda ndizo nakala pekee zilizopo nje ya maghala ya mashirika ya utangazaji. Atakayezihamisha leo ndiye atakayeamua, kwa kitufe kimoja cha uwiano, kama mtafiti wa mwaka 2060 atamwona mshtakiwa kizimbani kwa mwili wake au kwa mwili wa kioo.